UMEME WETU NI MAJI YA WENZETU

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*

Haya ni maneno yaliyosomwa na Kamati ya Siasa ya Tawi kwenye mkutano wa wanachama. Tunayatuma hapa kama yalivyosomwa, kwa ajili ya walioshindwa kufika. Mabalozi wayafikishe mashinani, hasa kwa wazee wasio na simu za kufungua kundi hili.

*Kidumu Chama Cha Mapinduzi!*



Tuna ajenda moja. Swali linaloletwa kwetu kila mahali, sokoni, kijiweni, kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga, ni hili: "Mnatuambia nchi ina Bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115. Mbona hapa Mpanda umeme bado unakatika?"

Tukubali kwamba sisi viongozi tumekuwa tukilijibu vibaya. Wengine tunalijibu kwa kusifu, kana kwamba anayeuliza ni mpinzani. Wengine tunanyamaza. Fundi wa kuchomelea aliyesimamisha kazi ya mteja hasaidiwi na sifa wala na ukimya. Anastahili maelezo, na mwanachama anastahili kuyajua ili akaulizwa asimame nayo.

*Kwanza, kuhusu bwawa*

Bwawa la Julius Nyerere liko kwenye Mto Rufiji. Mkataba wa kulijenga ulisainiwa Desemba 2018, na ujenzi ukazinduliwa rasmi Julai 2019. Maji yalianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mtambo wa kwanza uliingiza umeme kwenye Gridi ya Taifa Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa imekamilika. Kila mtambo una megawati 235. Ili mpate picha, kituo kizima cha Kidatu, ambacho kwa miaka mingi ndicho kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya maji nchini, kina megawati 204. Yaani mtambo mmoja wa Rufiji unaizidi Kidatu yote.

Kwa hiyo bwawa si maneno ya jukwaani. Lakini megawati 2,115 ni uwezo wa mitambo ikizunguka yote kwa pamoja. Haina maana kwamba umeme wote huo unazalishwa kila saa, wala kwamba unafika kwenye kila nyumba.

Kumbukeni mambo matatu yaliyotokea kwa kufuatana. Novemba 2022, TANESCO ilitangaza upungufu wa zaidi ya megawati 300, kwa sababu mvua zilichelewa na mito ikapungua. Tukaingia kwenye mgawo. Machi 2024, baada ya mvua nyingi na bwawa kuanza kazi, shirika hilohilo likazima kwa muda baadhi ya vituo vyake vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Halafu tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, ikatokea hitilafu kwenye Gridi na sehemu kubwa ya nchi ikakaa gizani.

Mwanachama akituuliza, tumweleze hayo. Nchi ilitoka kwenye upungufu ikaingia kwenye ziada, na bado giza likaja. Kuzalisha umeme ni kazi moja. Kuusafirisha ni kazi nyingine. Kuusambaza mitaani ni kazi ya tatu. Ile ya kwanza imepiga hatua kubwa. Sisi wa Katavi tumo zaidi kwenye ile ya pili na ya tatu.

*Pili, kuhusu njia*

Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2012 ukitoka Rukwa, na ulizaliwa nje ya Gridi. Tuliwashiwa taa kwa majenereta ya dizeli. Mnakumbuka maana yake: mafuta yanasafirishwa kutoka mbali, barabara ikiharibika mafuta yanachelewa, na shirika linauza umeme kwa bei ya nchi nzima huku linauzalisha kwa gharama kubwa zaidi.

Reli ilitufikia kutoka Tabora kupitia Kaliua. Umeme wa Gridi umepewa njia nyingine: kutoka Tabora, Ipole kule Sikonge, Inyonga kwetu Mlele, hadi Mpanda. Ni njia ya kilovolti 132 yenye urefu wa kilometa 383, na vituo vya kupoza umeme Ipole, Inyonga na Mpanda. Hiyo ndiyo iliyojengwa ili mkoa utoke kwenye utegemezi wa majenereta.

Sasa sikilizeni kwa makini. Tabora yenyewe inapokea umeme kutoka Shinyanga. Shinyanga iko kwenye njia kuu ya kilovolti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma na Singida. Kwa hiyo Mpanda iko mkiani. Mji ulio katikati ya Gridi, njia moja ikipata hitilafu, unaweza kulishwa kwa njia nyingine. Aliye mkiani hana upande wa pili. Tawi la mti likiangukia waya porini kati ya Sikonge na Inyonga, anayekaa gizani si yule aliye karibu na mti. Ni sisi.

Hii haina maana tukubali giza. Maana yake ni kwamba kuna swali ambalo tawi linapaswa kuuliza rasmi: njia hiyo moja ikipata hitilafu, akiba ya mkoa ni nini? Majenereta yanatunzwa tayari, au yanaondolewa? Swali hilo lina faida kuliko kulalamika kijiweni, na tunalipeleka kwa wahusika kwa barua ya tawi.

*Tatu, kuhusu maji yenyewe*

Hapa ndipo tulipotaka kufika.

Umeme wa maji ni mvua iliyowekwa akiba. Masika bwawa linajaa, kiangazi mitambo inakula akiba ile. Maji ya Rufiji hayaanzii Rufiji. Sehemu kubwa kuliko zote inatoka Kilombero. Nyingine inatoka Luwegu, na nyingine Ruaha Mkuu.

Tuuangalie Ruaha Mkuu. Unakusanya maji kutoka milima ya Mbeya na Njombe, unapita bonde la Usangu, unaingia ardhi oevu ya Ihefu, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha unafika Mtera. Bwawa la Mtera lina megawati 80 za kwake, na maji yakitoka hapo yanateremka kuzungusha mitambo ya Kidatu. Tone moja la maji linafanya kazi mara mbili, na sasa linafanya mara ya tatu Rufiji.

Mto huo ulikuwa unatiririka mwaka mzima. Kuanzia mwaka 1993 ukaanza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi. Mifereji ya mpunga iliongezeka Usangu, mingine ikiendelea kuchepusha maji hata baada ya mavuno, na mifugo ikajaa Ihefu. Kila mwenye mfereji alichukua kidogo tu. Hakuna hata mmoja aliyekusudia kuzima taa ya mtu. Lakini mwaka 2006, ukame ulipokuja, Mtera ilishuka mpaka nchi ikaingia kwenye mgawo mkali, viwanda vikasimama, na Serikali ikatafuta mitambo ya dharura ya mafuta kwa gharama kubwa. Ukame ulikuwa wa Mungu. Mto kufika kwenye ukame huo ukiwa tayari umedhoofika, hilo lilikuwa letu wanadamu.

Sisi wa Mpanda tunapowasikia watu wa Mbarali wakitajwa, huwa wepesi kusema, "Waondoke mtoni, wanatukatia umeme." Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tugeuze shingo tutazame Katuma.

*Nne, kuhusu mto wetu*

Tuseme ukweli tangu mwanzo: Mto Katuma hauzungushi mtambo hata mmoja wa TANESCO. Hatutamdanganya mtu kwamba akifungua kizuizi chake Katuma, taa zitaacha kukatika mtaani kwake. Lakini Katuma una watu na viumbe chini yake, kama Ruaha ulivyo na Mtera chini yake. Unapita kwetu, unaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, unalisha Ziwa Katavi na Ziwa Chada, na maji yake yanaelekea Ziwa Rukwa. Kila kiangazi viboko wanabanana kwenye madimbwi ya tope ndani ya hifadhi, mamia kwa mamia, na wageni wanakuja kuwapiga picha. Sisi hatuhitaji picha. Tunajua maji yamebaki wapi.

Yamebaki kwenye mabonde yetu. Kakese, Mwamkulu na kwingineko, mpunga ndio ada ya shule, ndio bati la nyumba, ndio michango ya Chama pia. Hatusimami hapa kuutukana mpunga. Tunasema kuna mkulima anayefungulia maji na kuyarudisha, na kuna anayeziba kijito kwa viroba vya mchanga halafu anakwenda kulala.

Ndugu wanachama, kabla ya kuja kwenu tulihesabiana wenyewe. Miongoni mwetu tuliokaa meza ya mbele, wapo wenye mashamba bondeni, na wapo waliowahi kuziba. Tulikuwa tunajua, na tulinyamaziana kwa sababu ni wenzetu. Mwaka jana mwanachama mmoja wa shina la bondeni alileta lalamiko kwamba maji hayamfikii. Tukamwambia asubiri mvua. Hatukumwambia kwamba aliyeziba juu yake ni mmoja wetu. Leo tunamwomba radhi mbele yenu.

Sheria iko wazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka anayechepusha maji awe na kibali kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, na kwetu ni Bonde la Ziwa Rukwa. Sheria hizo zinamhusu mwenye kadi ya Chama kama zinavyomhusu asiye nayo.

*Tano, tuliyokubaliana*

Moja. Wajumbe wa Kamati ya Siasa wenye vizuizi mtoni wanaviondoa kwanza, kabla ya kiangazi kuingia, na mabalozi wa mashina ya bondeni wanakwenda kuona kwa macho. Atakayeshindwa, jina lake litasomwa kwenye Halmashauri Kuu ya Tawi. Baada ya hapo ndipo tutakuwa na mdomo wa kuzungumza na wakulima wengine, na kuwahimiza waingie kwenye jumuiya za watumia maji wapangiane zamu.

Mbili. Kila balozi aorodheshe nguzo zilizoinama, miti inayogusa waya, na transfoma zinazovuja katika shina lake. Taarifa ipigwe TANESCO namba 180, na mpigaji aandike siku na saa aliyopiga. Katibu atakusanya orodha hizo ziwe kiambatisho cha barua yetu. Malalamiko yenye tarehe yanajibika.

Tatu. Ulinzi. Anayefungua vyuma vya minara akauze chuma chakavu, au anayenyonya mafuta ya transfoma, anazima mkoa mzima. Tusimfiche kwa sababu ni kijana wetu.

Nne. Tusilipe vishoka. Malipo ya kuunganishiwa umeme yanafanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo tu, hayafanyiki mkononi mwa mtu. Bei ya shilingi 27,000 ni ya vijijini. Anayekaa eneo la mji aulize ofisini bei ya eneo lake kabla ya kumwamini mtu aliyemkuta barazani.

Tano. Tunawaalika wataalamu wa TANESCO na wa Bonde kwenye mkutano wetu ujao. Tutawauliza kwa heshima kuhusu akiba ya mkoa, kuhusu ratiba ya kusafisha njia ya umeme, na kuhusu vibali vya maji Katuma. Wanachama mje na maswali yenu yameandikwa.

Ndugu zetu, Chama kina wajibu wa kuisimamia Serikali, na wajibu huo hauishii makao makuu. Unaanzia tawini. Lakini msimamizi ambaye shamba lake mwenyewe limeziba mto hawezi kumwuliza mtu kuhusu bwawa. Tumeanza na yetu.

*Kidumu Chama Cha Mapinduzi!*

_Imetolewa na Katibu wa Siasa na Uenezi wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Siasa. Maswali yaulizwe humu kundini au kwa balozi wako. Tafadhali usikate kipande ukasambaza. Ukituma, tuma yote._