Kutoka Jinja na Mbale hadi Unguja

Likizo inakaribia, na wengi wenu wa Jinja na Mbale mnataka kuiona bahari ya Unguja, Zanzibar. Anzeni na karatasi, nguo baadaye.

Kitambulisho cha taifa kinawavusha Malaba au Busia hadi Kenya, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Huko mnahitaji pasipoti. Kisha kuna kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana anayetoka Uganda ataulizwa kadi hiyo. Huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa leo ukasafiri kesho, kadi yako haijakomaa. Tangu 2016 sindano moja inatosha maisha yote, kwa hiyo aliyewahi kuchanjwa aitafute kadi ya zamani kabla ya kwenda kliniki.

Huko Zanzibar masika ni Machi hadi Mei, mvua ni kubwa. Juni hadi Oktoba ni miezi mikavu. Mwenyeji wa Mbale aliyezoea ubaridi wa Elgon aache koti, abebe pamba nyepesi. Akina mama, leso au kanga mbili zitawafaa sana: mjini watu hujisitiri mabega na magoti, na wakati wa Ramadhani hakuna kula hadharani mchana.

Kwenye fukwe za Paje na Jambiani bahari ikipwa, maji hurudi mbali mno. Vaa viatu vya mpira. Miambani kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi.

Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, imepigwa marufuku.