Siku ya Utamaduni Iwe Darasa



Mkoloni alitufundisha kwamba ngoma zetu ni ushenzi na nyumba zetu ni vibanda. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliijibu kasumba hiyo kwa vitendo, akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo wilayani Kinondoni, kilianzishwa katika miaka hiyo ya 1960 kwa moyo huo huo.

Tangu mwaka 1994 jamii mbalimbali zimekuwa zikialikwa kijijini hapo kuadhimisha Siku ya Utamaduni wa Mtanzania. Wenyewe hujenga nyumba ya asili yao, hupika vyakula vyao na kucheza ngoma zao. Shangwe huwa kubwa. Lakini watoto tunaowapeleka huko hurudi na nini?

Litazameni tembe la Wagogo. Paa lake ni bapa, la udongo, kwa kuwa Ugogo mvua ni haba. Vyumba vyake huzunguka ua ambamo mifugo hulala salama. Kisha utazameni msonge wa Wahaya. Nyasi zake huteremka kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kwa kuwa Kagera mvua ni nyingi na maji sharti yatiririke upesi. Hiyo ni elimu ya hali ya hewa, ya ujenzi na ya ufugaji, iliyorithishwa bila karatasi. Mtoto asiyeuliza kwa nini, ameona nyasi na udongo tu.

Ndivyo ilivyo kwa ngoma. Mdundiko wa Wazaramo unapopita mitaa ya Temeke, vijana wa makabila yote huufuata. Ni wangapi wajuao kwamba ngoma hiyo humsindikiza mwali aliyekwisha kufundwa? Si kila fundisho la unyago linafaa leo. Mila inayomtoa binti shuleni haina budi kuachwa. Lakini hatuwezi kuchambua tusichokijua.

Wapo wanaohofia kwamba sherehe hizi zitaamsha ukabila. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, ukabila hustawi pale watu wanapodai upendeleo kwa jina la kabila. Mzee wa Kigogo anapomweleza kijana wa Kimakonde, kwa Kiswahili, siri ya tembe lake, hapo taifa ndilo linalojengwa.

Ndugu walimu, kila mwanafunzi na aende na swali lake, amwulize mzee, kisha arudi aandike. Nanyi maofisa utamaduni, yahifadhini maelezo ya mafundi pamoja na majina ya zana zao. Nyasi za msonge huoza, na fundi akiwapo huezekwa upya. Fundi akifa bila kurithisha ujuzi wake, tutabaki na uwanja mtupu, na hakuna bajeti itakayotununulia tulichokipoteza.