Kaeni chini muangalie nyumba: maneno kwa wazazi wapya

*Maneno haya yalisemwa kwenye mkutano wa wazazi wapya wa chama chetu, hapa Baraka. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tumepunguza tu pale watu waliposema wote kwa pamoja.*



Nianze na aibu yangu, ndipo munisikilize vizuri. Munanijua, mimi ndiye mtu wa formasio. Napita vijijini na picha zangu: mtoto, sufuria, moto, alama ya msalaba mwekundu. Alhamisi moja nilirudi nyumbani kutoka kwenye kazi hiyo hiyo. Mke wangu alikuwa sokoni na ndagala zake, nikabaki na binti yetu wa miezi minane. Nikawasha mbabula, nikatega chai, nikakaa pembeni kuandika raporo. Mtoto nilimweka kwenye mkeka, kama mita mbili kutoka kwenye moto. Jana yake alikuwa hajui kutambaa, alikuwa anakaa tu na kujisukuma na matako. Kwa hesabu yangu alikuwa salama. Sikumwona alivyofika. Nilisikia tu sauti.

Jirani akaja mbio na dawa ya meno. Mwingine akaja na mafuta ya mawese. Na mimi, na lisanse yangu ya chuo kikuu, nikapaka. Nikapaka yote mawili! Kwenye kituo cha afya muganga alianza kwa kuondoa ile dawa ya meno juu ya ngozi iliyoungua, na kilio cha siku ile sijakisahau. Leo binti anasoma, anaruka kamba, anagombana na kila mtu. Lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki sawasawa.

Mapendo sikukosa, na masomo sikukosa. Kile nilichokosa ni kujua kwamba mtoto hatoi taarifa. Leo hawezi kitu, kesho anakiweza, na anakiweza mara ya kwanza wakati wewe umegeuka. Ukingoja umwone akitambaa ndipo uhamishe mbabula, umeshachelewa siku moja.

Zamani nani alijua hayo bila picha na bila formasio? Bibi. Bibi alikuwa anaona mtoto amefikisha miezi mine, anasema, "Huyu karibu atapinduka, mumutoshe kwenye kitanda." Hakungoja apinduke. Sasa tuangaliane hapa ndani. Wengi wenu mulizaliwa Nyarugusu, wengine Lugufu kabla haijafungwa mwaka 2009. Mulivuka ziwa mukiwa watoto au vijana, katika zile safari za mashua kutoka Kigoma zilizoanza 2005, au baadaye kwa njia zenu wenyewe. Mumejenga, mumeoana, mumezaa. Na bibi yuko wapi? Kwa wengi bibi amebaki ng'ambo, au yuko kaburini ng'ambo. Mtoto wa kwanza analelewa na watu wawili wa miaka ishirini, peke yao, katika nyumba iliyo mwisho wa parsele, na jirani yuko mbali.

(Hapa mama mmoja mzee alinikatiza: "Wee kijana, usitudanganye. Kule kambini pia watoto waliungua, na mabibi tulikuwa hapo tunaangalia!" Ana haki. Sikutaka kusema kambi ilikuwa paradiso. Nasema tu kwamba kule nyumba zilibanana, mtoto akilia mlango wa tatu wanasikia.)

Basi nawaomba kazi moja mukifika nyumbani. Msinunue kitu. Kaeni chini. Kaa kabisa sakafuni, matako chini, pale mtoto anapokaa, kisha uangalie nyumba yako kutoka pale. Nilifanya hivyo baada ya ajali na nilishangaa. Nikiwa nimesimama, nyumba yangu ilikuwa safi. Nikikaa, naona mpini wa sufuria umetokeza nje ya mbabula. Naona pembe ya kitambaa cha meza inaning'inia, na juu ya kitambaa iko termosi. Naona beseni ya kufulia yenye maji ya jana. Naona chini ya kitanda pile za zamani za redio, sindano ya kushonea, na punje za mahindi. Na naona chupa.

Juu ya chupa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo inanitia hofu kuliko moto. Moto mtoto anaweza kuuogopa mara ya pili. Chupa haimwogopeshi kamwe. Tunanunua petroli ya taa kidogo kidogo, na mwenye duka hana chombo, kwa hiyo unaleta chupa ya Fanta au ile ndogo ya maji. Mtoto anaijua chupa hiyo. Siku ya Noeli alikunywea sukari ndani yake. Mwana wa dada mmoja wa chama, ambaye ameniruhusu nisimulie bila jina, alikunywa hivyo akiwa na mwaka mmoja na miezi michache. Hakunywa nyingi, ni mdomo mmoja tu. Mama akafanya kile sisi wote tulifundishwa: akamnywesha mawese, akamtia kidole atapike. Mtoto akatapika, kisha akaanza kukohoa na kupumua mbio.

Wandugu, sikieni vizuri hapa. Petroli ikiwa tumboni inaumiza, lakini kinachoua zaidi ni ile inayoingia kwenye mapafu, na inaingia pale mtoto anapotapika. Kwa hiyo asitapishwe. Asipewe mawese wala maziwa, kwa sababu vinaweza kumtapisha. Mvue nguo iliyolowa, umuoshe ngozi, na uondoke naye kwenda kituo cha afya wakati ule ule, hata kama anacheka. Beba na chupa, muganga aione. Ni vile vile kwa maji ya javeli na soda ya kutengenezea sabuni: hizo zinaunguza koo zikishuka, na zikitapikwa zinaunguza mara ya pili.

Mtoto yule alipona, baada ya siku nyingi hospitalini. Lakini nataka muelewe kwamba mama yake hakuwa mzembe. Alifanya kwa haraka kile alichokijua. Kwake leo petroli iko kwenye bidoni ndogo ya njano, imefungwa na kamba juu ya boriti, na hakuna kitu cha kunywa kinachowekwa kwenye bidoni ya njano.

Sasa wababa, hili ni letu. Mtoto mchanga analia. Kilio kinapanda, kwa wengi karibu wiki ya sita kinakuwa kikali kabisa, kisha miezi mitatu au mine kinashuka chenyewe. Hakuna mtu aliyeniambia hivyo mimi. Nilidhani nimezaa mtoto mgonjwa, au kwamba mtu ametufanyia kitu. Unatoka shambani au machimboni, umechoka, usiku wa tatu hulali, mke naye analia. Hapo mkono unaweza kumshika mtoto na kumtikisa ili anyamaze. Kichwa cha mtoto ni kizito na shingo yake haina nguvu. Ukimtikisa, ubongo unapigapiga ndani, damu inavuja, na nje huoni kidonda chochote. Kama umefika pale, mlaze chali mahali ambapo hawezi kuanguka, toka nje, kaa chini ya mwembe, pumua, mwite jirani. Kulia dakika kumi hakujaua mtoto. Na hii si habari ya wanaume wabaya. Mimi nilishafika pale, nikatoka nje saa nane ya usiku na mvua inanyesha.

Mengine nitayapita haraka, kwa sababu waganga wanayasema kila mara munapopeleka watoto kwenye kilo. Mtoto alale chali, chini ya chandarua kilichochomekwa pande zote, na mshumaa au kitadowa visikae karibu na chandarua hicho. Mama akilala naye, sawa, nyumba zetu ndivyo zilivyo, lakini asiwe katikati ya watu wawili chini ya blanketi nzito, wala asilale na mtu aliyekunywa lutuku. Mbabula yenye makala isilale ndani na mlango umefungwa, hata mvua ikiwa baridi, maana hewa yake inaua familia nzima bila moshi. Karanga na punje za mahindi ziwe mbali na mtoto, na ndagala ziondolewe miiba. Beseni imwagwe ukimaliza, kwa sababu mtoto anaweza kuzama katika maji yasiyofika hata kwenye goti lako. Kitovu kikae kikavu na safi, bila majivu, bila kinyesi cha ng'ombe, bila mate.

Juu ya lavema najua sitapendwa. Wazee wangu, nawaheshimu, wengi wenu mulitulea na ile pompi na tukakua. Lakini tumeona watoto waliopigwa dawa ya miti, wengine na pilipili, wakafika kituoni maji yote yamewaishia mwilini. Mtoto wa miezi miwili anayenyonya maziwa ya mama peke yake anaweza kukaa siku kadhaa bila kwenda choo, akiwa mzima kabisa. Kama tumbo limevimba na kuwa gumu, au anatapika majani, hiyo ni kazi ya muganga, na pompi itamchelewesha. Tukimaliza tunaweza kubishana. Nitakaa mpaka mwisho.

Mtoto akiungua: maji safi ya baridi, yapite mahali palipoungua tu, dakika ishirini. Ni muda mrefu, mtachoka, endeleeni. Kisha kitambaa safi juu yake, na njia. Usipake kitu. Akikabwa na kitu na hawezi kulia wala kukohoa, naye hajafika mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kiwe chini, umpige kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Haikutoka, mgeuze, ukandamize kifua kwa vidole viwili mara tano. Rudia hivyo hivyo. Tutafanya mazoezi sasa hivi na mwanasesere wa kitenge, kila mmoja, pamoja na wababa waliosimama kule mlangoni. Na mchanga wa chini ya miezi miwili akikataa kunyonya, akiwa na homa au akipoa mwili, akipumua mbio au akishtukashtuka, musingoje asubuhi.

"Musingoje asubuhi" ni rahisi kusema. Hapo nafika kwenye neno langu kwa chama, na kwa rafiki zetu wanaochangia. Usiku ule wa petroli, baba wa mtoto alizunguka karibu saa moja akitafuta franka za motari. Kasha ya msaada ya AVEC ilikuwa na pesa. Lakini kasha ina kufuli tatu na wenye funguo watatu, na mmoja alikuwa amelala kijiji kingine. Sheria ile tuliiweka wenyewe ili pesa isiibiwe, na ilikuwa sheria nzuri. Kwa mtoto anayeshindwa kupumua si nzuri. Kamati imekubali tujaribu hivi: nauli ya usiku inawekwa mbele kwa motari wawili tunaowajua. Mzazi anabebwa kwanza, hesabu inafanywa mchana, naye anarudisha kidogo kidogo au asirudishe kama hana.

Pili, bibi. Kama bibi amebaki ng'ambo, chama kinaweza kutoa bibi. Kila nyumba yenye mtoto wa miezi mitatu au mine, kabla hajaanza kutembea na matako, itapokea mama wawili au watatu wa chama waliolea. Hawaji kukagua usafi, wala hawaji na daftari la makosa. Watakaa chini na wazazi wote wawili, waangalie nyumba kutoka pale, na kile kinachoweza kuhamishwa kitahamishwa siku ile ile: msumari wa kutundika petroli, udongo wa kuinua jiko mpaka kiunoni, ua mfupi wa matete kati ya mkeka na moto.

Wachangiaji wetu walituuliza kama tunahitaji vitanda vya watoto na mageti ya plastiki kama ya Ulaya. Aksanti sana, lakini geti linataka mlango, na nyumba nyingi hapa mlango wake ni kitambaa. Tunaomba misumari, kamba, bidoni ndogo za rangi moja zenye kifuniko kigumu, na nauli ile ya usiku. Najua hivyo havipendezi kwenye picha.

Ziara zitaanza wiki ijayo. Mama mwandishi ana karatasi, mujiandikishe kwake kabla ya kuondoka, baba na mama wote wawili. Nyumba ya kwanza kwenye karatasi ni yangu, kwa sababu mtoto wetu wa pili ametimiza miezi mitatu. Wamama watakuja Jumanne asubuhi, na mke wangu amenikataza kupanga kitu chochote kabla hawajafika.