Nani Atabeba Bidoni Yake?

Maandiko: Matendo ya Mitume 8:26-40, Wagalatia 6:2

Tunawasalimu ninyi mnaotusikiliza kwa radio, ninyi mnaosoma karatasi hii, na ninyi mnaosomewa na mtoto wenu jioni hii. Neno la leo ni lenu hasa ninyi mnaosomewa.

Yule mtu wa Ethiopia alikuwa mkubwa, mwenye kutunza hazina ya malkia. Alijua kusoma, lakini hakuelewa. Tuangalie vizuri namna Filipo alivyofanya. Hakumngoja kanisani. Alikimbia, akapanda garini, akaketi karibu naye, akaanzia pale pale mtu alipokuwa anasoma. Kama mwenye kusoma alihitaji mtu wa kuketi naye, je, yule asiyejua hata herufi moja?

Wapendwa, kutojua kusoma si dhambi, wala si upumbavu. Hapa Kalehe tunajua jambo hili lilikotoka. Msichana aliyekuwa na miaka 7 vita vilipoanza mwaka wa 1996 alikuwa anakimbia wakati alipaswa kuwa kalasini. Wengine walibaki nyumbani kwa sababu feza ya masomo ilitosha kaka yao tu. Masomo ya msingi ya bure yaliyoanza mwaka wa 2019 yamesaidia watoto wao. Wao wenyewe yamewapita.

Na gharama wanailipa kila siku. Tumeona mama muuza sambaza akimpa kijana namba yake ya siri ya simu amtolee feza, na feza ikapotea. Tumeona mtoto akinyweshwa kipimo cha mtu mzima, kwa sababu nyumbani hakuna aliyeweza kusoma karatasi ya dawa. Tumeona mjane akitia kidole kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya deni, kumbe anauza shamba. Na tarehe 4 Mei 2023, maji yalipobomoa Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 walikufa. Kati ya waliobaki, wengi walipoteza nyumba pamoja na karatasi zote. Aliyezisoma karatasi zake anaweza kukumbuka kilichoandikwa. Asiyezisoma atakumbuka nini?

Katiba ya nchi yetu, kifungu cha 44, inasema kuondoa hali ya kutojua kusoma ni wajibu wa taifa. Kanisa nalo ni taifa. Basi tuanze na kosa letu sisi wachungaji.

Dada mmoja wa kanisa letu alijiandikisha kalasi ya watu wazima. Anaamka saa kumi za usiku, anashuka ziwani kupokea sambaza, anakwenda soko, anapanda shambani kwenye muhogo, anateka maji, anatwanga sombe. Kalasi ni saa tisa. Akaanza kukosa maombi ya Jumatano. Sisi tukamkemea mbele ya wamama wenzake, tukasema amepoa. Akanyamaza, akaacha kalasi.

Baadaye alituletea barua ya shule ya mwanawe tumsomee. Alikaa nayo wiki mbili kwa haya. Walikuwa wanaomba karatasi ya kuzaliwa ili mtoto aandikishwe kwa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Siku ilikuwa imeshapita. Mtoto alirudia mwaka mzima. Mwaka ule ni deni letu.

Wapendwa, sisi tulisoma Chuo cha Biblia tukiwa tayari na watoto. Watu walitusifu kwa bidii. Lakini maji aliteka mama watoto, shamba walilima wakwe, na kanisa lilitupunguzia zamu. Hatukumaliza masomo kwa nguvu zetu. Mwanaume akisoma, nyumba nzima inambebea. Mwanamke akisoma, anaambiwa apange saa zake vizuri. Saa hizo azitoe wapi? Mtume Paulo anatuagiza kubebeana mizigo. Kwetu hapa, mzigo huo ni bidoni ya maji.

Basi, baba, siku ya kalasi uteke maji wewe, au umtume kijana wa kiume. Usingoje binti arudi shuleni. Vijana wa kwaya, kila mmoja akae na mama mmoja saa moja kwa juma. Nawe dada unayesoma, usione haya kusema umechoka. Herufi chache kila siku zitakufikisha. Ukikosa maombi kwa ajili ya kalasi, uje utuambie, hatutakukemea.

Sisi tumehamisha maombi ya wamama ili yasigongane tena na kalasi. Yule dada tulimwomba msamaha mbele ya wale wale waliosikia tulipomkemea. Amerudi. Leo anaandika jina lake, na kila jioni anaandika mwenyewe hesabu ya sambaza zake.

Na wewe unayemsomea mtu karatasi hii, usiikunje bado. Chukua biki, mwandikie jina lake hapa pembeni, umshike mkono, aliandike naye. Filipo alianza na mtu mmoja.

Tuombe. Baba, utusamehe mizigo tuliyowaongezea waliokuwa tayari wamelemewa. Utupe miguu ya kukimbia kama Filipo, na mikono ya kubeba. Katika jina la Yesu, Amina.