Uzi Usiooza: Mazungumzo juu ya Nyavu za Nailoni katika Ziwa Turkana

Longech ni ulimi wa mchanga unaotenga Ghuba ya Ferguson na maji makuu ya Ziwa Turkana, karibu na Kalokol, mwendo wa kiasi cha kilomita 60 kutoka Lodwar. Watu wa hapo huishi kwa samaki, na samaki hupatikana kwa nyavu. Nyavu hizo zimefumwa kwa uzi wa nailoni. Uzi huo haukulimwa shambani kama pamba, wala haukunyolewa mgongoni mwa kondoo, wala haukutolewa na mdudu kama hariri. Ulibuniwa na wataalamu wa kemia mwaka 1935. Mazungumzo haya yanaeleza jinsi ulivyopatikana, jinsi unavyotengenezwa, faida uliyoleta kwa wavuvi, na hatari iliyomo ndani ya faida hiyo hiyo.

NYAVU ZA ZAMANI

Waturkana wengi ni wafugaji, lakini wale wa kando ya ziwa wamevua samaki tangu kale. Walitumia chusa, na vikapu vilivyo wazi chini, ambavyo mvuvi alivididimiza juu ya samaki katika maji machache. Waliokwenda mbali kidogo walipanda vyelezo vya magogo ya mikoma. Vyombo hivyo vilitosha kulisha nyumba, lakini havikuweza kuvua samaki wa kupeleka sokoni.

Mahali pengine watu walifuma nyavu kwa nyuzi za mimea. Katika Ziwa Victoria, upande wa Kenya, nyavu za kitani kutoka Ulaya ziliingia mwaka 1905, na wavuvi wakazipenda mara moja. Lakini kitani, pamba na katani vyote vina ila moja: huoza. Uzi wa mmea ni chakula cha vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vijidudu hivyo hupenda sana mahali penye maji na joto. Kwa hiyo mvuvi alilazimika kuutoa wavu majini, kuuosha, kuuanika, na mara kwa mara kuuchovya katika maji ya magome au katika lami ili udumu. Aliyefanya uvivu siku chache aliukuta wavu wake unakatika mkononi kama jani kavu.

UZI ULIOTOKA KATIKA CHUPA

Mtu aliyeongoza kazi ya kuvumbua nailoni ni Bwana Wallace Carothers, mtaalamu wa kemia wa Marekani, aliyefanya kazi katika kampuni ya DuPont mjini Wilmington. Alitaka kujua kwa nini hariri na pamba ni imara. Siku zile wataalamu wengi walikuwa bado wanabishana kama kuna molekuli ndefu sana. Carothers aliamini kwamba zipo, kwamba zimeungana kama pete za mkufu, na kwamba mtu aweza kuziunganisha mwenyewe, pete moja baada ya nyingine.

Mwaka 1930 msaidizi wake, Bwana Julian Hill, alichovya kijiti katika dawa moja iliyoyeyuka na kukivuta. Uzi mwembamba ukafuata. Uzi huo ulipokwisha kupoa, Hill aliuvuta tena, nao ukarefuka mara nyingi, ukang'aa, na badala ya kudhoofika ukazidi nguvu. Sababu yake ni hii: kabla ya kuvutwa, molekuli zimelala ovyo kama kuni zilizotupwa chini, zikivutwa hujipanga sambamba kama kuni zilizofungwa mzigo, na kila moja hushikamana na mwenziwe. Lakini uzi huo wa kwanza uliyeyuka kwa moto mdogo, haukufaa kwa kazi.

Tarehe 28 Februari 1935 ndipo ilipopatikana nailoni yenyewe. Iliunganishwa kwa dawa mbili, kila moja ikiwa na atomi sita za kaboni, na ndiyo maana iliitwa nailoni 66. DuPont walitangaza habari zake mwezi wa Oktoba 1938. Kwanza ilitiwa katika miswaki, kisha mwaka 1940 soksi za wanawake zikauzwa Marekani nzima. Vita vilipopamba moto nailoni ikachukuliwa kwa kazi ya miavuli ya askari warukao kutoka katika ndege, na kwa kamba. Bwana Carothers hakuyaona hayo; alikufa mwezi wa Aprili 1937.

Wengine hawakulala. Mwaka 1938 Bwana Paul Schlack wa Ujerumani alipata nailoni ya aina nyingine, iitwayo nailoni 6, kwa dawa moja tu badala ya mbili. Mwaka 1941 Waingereza wawili, Whinfield na Dickson, walivumbua uzi wa polyesta, ambao leo umo katika mashati na vitenge vingi. Mwaka 1954 Mtaliano Giulio Natta alipata polipropilini imara, ambayo hufumwa kuwa kamba na magunia. Uvumbuzi huo wa mwisho uliumiza Afrika Mashariki. Tanganyika ilikuwa ikiongoza dunia kwa katani, na mwaka 1964 ilitoa tani zaidi ya 200,000. Lakini kamba za plastiki zilipoenea, bei ya katani ilianguka, na mashamba mengi ya Tanga yakarudi kuwa pori. Uvumbuzi uliomnufaisha mvuvi ulimwondolea mkulima kazi.

JINSI UNAVYOTENGENEZWA

Kiwandani, nailoni huanza kama punje ngumu nyeupe. Punje huyeyushwa kwa joto kali, lipitalo digrii 260 kwa nailoni 66, kisha uji ule husukumwa katika sahani ya chuma yenye matundu madogo sana. Hutoka kama nyuzi, zikapoa hewani. Halafu huvutwa kati ya magurudumu, moja likizunguka upesi kuliko jingine, mpaka zinarefuka mara nne au tano. Kuvuta huko ndiko kuutiako uzi nguvu, kama Hill alivyoona. Mwisho nyuzi nyingi nyembamba husokotwa pamoja, na mashine ikazifunga mafundo ya wavu.

Mvuvi anayeijua tabia ya uzi wake huutunza vema. Nailoni ni nzito kidogo kuliko maji, kwa hiyo huzama. Polipropilini ni nyepesi, kwa hiyo huelea. Ndiyo sababu mwili wa wavu wa kutega hufaa kuwa wa nailoni, na kamba ya juu, ile ya maboya, hufaa kuwa ya polipropilini. Tena nailoni haiogopi maji, bali huogopa jua. Mwanga mkali huikata ile mikufu ya molekuli polepole, na jua la Turkana halina huruma. Wavu wa kitani ulihitaji kuanikwa juani usioze. Wavu wa nailoni wataka kuwekwa kivulini usichakae. Anayefuata desturi ya zamani kwa uzi wa sasa huharibu mali yake kwa bidii yake mwenyewe.

FAIDA YAKE

Mwezi wa Oktoba 1957 wataalamu wa vyombo vya uvuvi kutoka nchi nyingi walikutana mjini Hamburg, katika mkutano ulioitishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Nyuzi hizi mpya zilikuwa miongoni mwa mambo makubwa yaliyozungumzwa, kwa maana zilikuwa zimekwisha kuonyesha kwamba wavu mwembamba usioonekana sana na samaki huvua kupita ule mnene wa zamani.

Huko Turkana, ukame wa miaka ya 1960 na 1961 uliua mifugo mingi, na watu waliofilisika walikusanywa kando ya Ghuba ya Ferguson wafundishwe kuvua kwa nyavu. Baadaye wavuvi waliunda chama chao cha ushirika, na katika miaka ya 1970 Serikali ya Norwei ikawasaidia. Mtu aliyepoteza ng'ombe aliweza kuanza tena kwa wavu. Mwaka 1976 samaki waliovuliwa katika ziwa lote walifika karibu tani 17,000, na wengi wao walikuwa ngege wa ghuba hiyo. Samaki waliokaushwa walisafirishwa mbali, hata Kongo.

HATARI YAKE

Haikudumu hivyo. Maji ya ziwa yalipungua, na mwishoni mwa miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson ilikauka. Samaki wakatoweka pale. Ni haki kusema wazi kwamba jambo hilo lilitokana na maji, si na nyavu. Lakini lilifundisha kwamba ghuba ndiyo kitalu cha samaki wadogo, na kitalu kikiharibika ziwa zima huhisi. Maji yalirudi, na samaki wakarudi. Basi kilichoharibiwa na ukame kinaweza kuharibiwa pia na mkono wa mtu, na hapo ndipo nailoni inapohusika.

Ziwa Victoria lilitangulia kutoa onyo. Mtaalamu Michael Graham alilipima ziwa hilo mwaka 1927 na 1928, akaona kila wavu unapata samaki wachache kuliko zamani, akashauri macho ya wavu yasipungue inchi 5. Katika miaka ya 1950 nyavu za nailoni ziliingia, macho yakazidi kuwa madogo, na yule ngege wa asili aliyekuwa fahari ya Kavirondo akapungua mno.

Ila kubwa ya nailoni ndiyo ile sifa yake kubwa: haiozi. Wavu wa kitani ukipotea ziwani huoza na kuacha kuua. Wavu wa nailoni ukipotea huendelea kunasa samaki muda mrefu, usiku na mchana, wala hakuna mtu awalaye. Wabaya zaidi ni nyavu za uzi mmoja mwembamba unaong'aa kama kioo, usiosokotwa. Huuzwa rahisi, huvua sana kwa siku chache, hukatika upesi, wala hazishoneki vizuri. Kwa hiyo hutupwa. Sheria ya Kenya inazikataza, na inastahili kutiiwa.

Zipo juhudi za kuondoa ila hiyo. Tangu mwaka 2011 kampuni ya Aquafil ya Italia imekuwa ikitumia nyavu kuukuu katika kiwanda chake huko Slovenia, kuzirudisha ziwe dawa ile ile ya mwanzo na kusokota nailoni mpya. Hilo lawezekana kwa sababu nailoni 6 ya Bwana Schlack hutokana na dawa moja tu. Lakini Slovenia ni mbali na Longech. Mvuvi hawezi kungoja kiwanda.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, wavu ununuliwe wenye macho makubwa na uzi uliosokotwa. Bei yake ni kubwa, lakini hushoneka na kudumu. Pili, utiwe alama na maboya imara ili usipotee, na ukipotea utafutwe. Tatu, uwekwe kivulini. Nne, vipande vilivyochakaa visitupwe majini wala mchangani, ambapo upepo wa Turkana utavirudisha ziwani, bali vikusanywe mahali pamoja chini ya uangalizi wa wazee wa ufuo. Tano, mahali penye samaki wadogo, hasa ndani ya ghuba, pasikokotwe nyavu za macho madogo.

Wazee wa zamani hawakuhitaji kanuni hizi, kwa kuwa wavu wao ulikufa wenyewe. Uzi wa sasa haufi mpaka mwenyewe auzuie. Mfugaji hachinji mtamba mwenye mimba kwa sababu ana njaa siku moja. Naye mvuvi wa Longech, ambaye baba yake au babu yake alikuwa mfugaji, anaijua hesabu hiyo vizuri. Ghuba ni zizi lake la pili, na wavu ulioachwa humo bila mwangalizi ni fisi aliyefungiwa ndani pamoja na mifugo.