Wakili Aitwe Kabla Tanuri Halijawashwa

Mhadhara huu umechokozwa na kauli moja inayorudiwa katika semina za wafanyabiashara, Mombasa na Nairobi pia: kwamba biashara endelevu ni suala la moyo, si la sheria. Kampuni njema, husemwa, hutunza mazingira kwa hiari, na soko huituza. Wakili huitwa mwishoni kama mwosha maiti, mambo yakiwa yamekwisha kuharibika. Wanaoyasema haya ni watu wenye nia safi, na baadhi yao ni wachumi hodari. Wamekosea, na kosa lao limepimwa maabara, katika damu ya watoto.

Kauli hiyo ina ukoo. Septemba 1970 mchumi Milton Friedman aliandika katika jarida la New York Times kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida. Wengi wanaomtaja leo humkatia maneno njiani, kwa maana Friedman hakuishia hapo. Aliongeza kuwa faida hiyo itafutwe ndani ya kanuni za mchezo, bila hila wala udanganyifu. Je, kanuni hizo huandikwa na nani? Nani huzifasiri zinapobishaniwa, na nani hupuliza kipenga? Hata mtetezi mkubwa wa soko huria aliiegemeza hoja yake yote juu ya sheria. Watetezi wa hiari wamemruka mwalimu wao. Friedman aliyaacha mambo ya jamii mikononi mwa serikali na sheria zake. Wao wanataka kampuni ijitungie kanuni, ijikague, kisha ijipe alama yenyewe katika ripoti yake ya mwaka.

Na hiari ilijaribiwa, hapahapa pwani. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri kuukuu za magari kilifunguliwa ukuta kwa ukuta na kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, chenye wakazi wapatao 3,000. Mwaka 2009 kiwanda kikamwajiri Phyllis Omido, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kuandaa tathmini ya athari kwa mazingira. Tarehe hizo zitazamwe vizuri: tathmini ambayo sheria ya mazingira ya 1999 inataka itangulie mradi ilikuwa inaandaliwa miaka 2 baada ya tanuri kuwaka. Omido na wataalamu wake waliona kwamba kiwanda kiko karibu mno na nyumba za watu, akapendekeza kihamishwe. Wakubwa hawakumsikia, wakamhamishia kazi nyingine. Baadaye mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha risasi mwilini.

Basi dhamiri ilikuwemo. Ilikuwa na dawati ndani ya ofisi ya kiwanda, ikaandika ripoti na kutoa ushauri ulio wazi. Ilichokosa ni nguvu ya kumlazimisha mtu. Kiwanda hakikufungwa hadi 2014, na nguvu ya kulazimisha fidia ilipwe ikapatikana mahakamani. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na lawama haikubebeshwa kiwanda peke yake bali pia mashirika ya serikali yaliyopaswa kukisimamia. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Mpinzani ana jibu hapa, na jibu lake lina uzito. Kutoka 2007 hadi 2024 ni miaka 17. Sheria gani hiyo inayofika wakati watoto wameshakuwa watu wazima? Hoja hii haifai kupuuzwa. Ila tazama inachothibitisha: kwamba wakili wa Owino Uhuru alikuja amechelewa. Haithibitishi kwamba hakuhitajika. Ugonjwa ukitibiwa kwa kuchelewa, hatufungi hospitali. Tunamtafuta daktari mapema.

Wakili aliyefika mapema anapatikana Lamu, na hapa mhadhara unaomba kukaa kidogo, kwa sababu hukumu yenyewe haijasomwa inavyostahili. Septemba 2016 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilitoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, karibu na mji wa kale ulio katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Wakazi kupitia Save Lamu walikata rufaa kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ilifutwa, kabla ya gramu moja ya makaa kuchomwa.

Wanaoitaja hukumu hiyo huisifu kama ushindi dhidi ya makaa ya mawe. Ni zaidi ya hapo. Jopo halikusema mtambo hauwezi kujengwa kamwe. Liliuliza jambo dogo la kiwakili: wenyeji walielezwa nini, na lini? Liliichukua kanuni ya 17 ya kanuni za tathmini za 2003 na kuipitia hatua kwa hatua. Kanuni hiyo inataka mabango, matangazo ya magazeti, tangazo la redio kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na mikutano isiyopungua 3 na watakaoathirika. Ikaonekana kuwa mikutano iliyotegemewa ilifanyika kabla utafiti haujakamilika. Watu walikuwa wameombwa maoni juu ya matokeo ambayo hayakuwapo bado. Jopo likaufananisha ushirikishwaji wa umma na oksijeni: ukikosekana, tathmini huzaliwa mfu, hata ripoti iwe nene kiasi gani. Likaongeza kasoro nyingine nzito: Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Mwaka huohuo Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaamua kutoufadhili mradi.

Mhadhiri wa leo anaijua harufu ya mikutano ile. Alipokuwa wakili kijana alitumwa na mteja, ambaye hatatajwa, ahudhurie kikao cha wanakijiji wavuvi kuhusu mradi ufukweni. Ripoti ilikuwa mezani, nene, yote kwa Kiingereza. Mzee mmoja aliifungua, akapekua kurasa kadhaa, akaifunga kwa adabu na kuuliza: "Mwanangu, humu mmeandika maji ya moto yatamwagwa upande gani?" Wakili kijana hakuwa ameisoma sura hiyo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha karatasi ya mahudhurio imetiwa saini. Ilitiwa, na mzee akawa miongoni mwa waliotia.

Tangu siku ile mhadhiri ameshikilia imani moja ambayo wenzake kitivoni wameipinga mara nyingi: kwamba ni kazi ya wakili kuhakikisha ripoti inawafikia wenyeji kwa Kiswahili. Husema kazi hiyo ni ya wafasiri, kwamba gharama zitapanda, kwamba istilahi za kihandisi hazina Kiswahili. Gharama ni za kweli, lakini ni ndogo mno zikiwekwa kando ya leseni iliyofutwa baada ya miaka karibu 3 ya kesi. Istilahi hutungwa zinapohitajika. Na kazi ni ya wakili, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni sentensi ipi katika ripoti itakayokuja kusomwa mbele ya hakimu. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Makampuni ya 2015 kinamtaka mkurugenzi azingatie athari za shughuli za kampuni kwa jamii na mazingira. Mkurugenzi atazingatiaje athari ambazo waathirika wenyewe hawajaweza kuzisoma?

Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa ibara ya 7 ya Katiba ya 2010. Kanuni ya 17 inaagiza tangazo la redio litolewe kwa lugha rasmi na za wenyeji, lakini kuhusu ripoti inayotangazwa haiweki sharti kama hilo. Pengo hilo linazibwa kwa sentensi moja: muhtasari wa ripoti uandikwe kwa Kiswahili, utiwe saini na wakili wa mwenye mradi, na uwe mikononi mwa wenyeji siku 30 kabla ya mkutano wa kwanza, ukionyesha, pamoja na mengine, maji ya moto yatamwagwa upande gani.