Ufalme wa Mungu na Mawe ya Mpaka



Katika utumishi wangu serikalini nilizoea kuwa utawala ni mipaka, mihuri na kodi. Hapa Guangzhou nilikohamia, katika wilaya ya Huadu, ndiko alikozaliwa Hong Xiuquan. Alishindwa mara kadhaa mitihani ya kuingia utumishi wa serikali (masikitiko hayo nayafahamu), akasoma vijitabu vya Kikristo alivyopewa mjini humu, na mwaka 1851 akatangaza Ufalme wa Mbinguni wa Amani Kuu. Akajiwekea majeshi, kiti cha enzi na mji mkuu, Nanjing. Ufalme huo ulipoanguka mwaka 1864, watu wanaokadiriwa kufikia milioni 20 au zaidi walikuwa wamekufa.

Mafarisayo walipomwuliza Yesu ufalme wa Mungu utakuja lini, hakuwaonyesha mahali. Aliufananisha na chachu iliyofichwa ndani ya unga. Neno la Kiyunani, basileia, ni kutawala kwanza, ndipo nchi. Ndiyo maana katika Sala ya Bwana, tukiisha kuomba ufalme uje, twaomba mapenzi ya Mungu yatimizwe duniani.

Sala hiyo nimeisali miaka tisa bila kusemezana na mdogo wangu, kwa ajili ya hatua nne za shamba la marehemu baba. Mdogo wangu, nakuona umeketi pale nyuma. Mawe yale ya mpaka, yaweke utakapo wewe.